Venice wakati wa baridi, kwa magoti ya Mama

Sisi watu wa Malindi tuliwajua Waitaliano kabla ya kuijua Italia. Wengine walikuja na mradi wa roketi wa San Marco kule Ngomeni miaka ya 1960, wengine wakafuata jua, na mimi nilipomaliza shule kazi yangu ya kwanza ilikuwa mapokezi, katika hoteli ya Mwitaliano mmoja karibu na ufuo. Pale nilijifunza mambo mawili: Kitaliano cha kuomba radhi, na ufundi wa kuandika sifa za vyumba. Chumba kilichokosa upepo tulikiita cha faragha. Kilichokuwa mbali na bahari tulikiita kitulivu, ndani ya bustani. Hatukusema uongo. Tulichagua la kusema na la kunyamazia. Ndiyo maana mpaka leo nikisoma tangazo la hoteli natafuta kwanza lile ambalo halikuandikwa.

Siku hizi tunaishi Munich, mimi na mume wangu na watoto watatu. Mama yangu alipokuja kututembelea kutoka nyumbani yalikuwa majira ya baridi, kwa sababu ndipo viza ilipopatikana, na ombi lake lilikuwa moja tu: aone kwao wale watu waliokuwa wakinunua kamba na ngisi kwa marehemu baba. Baba alikuwa mvuvi. Nikamwuliza, "Mama, twende Roma au Venice?" Akaniuliza, "Bahari iko wapi?" Basi, hapo shauri likaisha. Kuna treni ya moja kwa moja kutoka Munich, inapita Brenner na Verona, na kwa saa sita na nusu au saba hivi uko Venice bila kupanda ndege.

Msafara wenyewe ulikuwa hivi: Mama, anayekaribia miaka sabini, na magoti yasiyotaka ngazi, kitinda mimba wa miaka minne, wa kati wa miaka tisa, na kifungua mimba wa miaka kumi na mitatu ambaye njaa humshika kila saa mbili. Nguruwe hatuli, pombe hatutumii. Shule za Bavaria, jimbo la Munich, hufunga Krismasi hadi Epifania, tarehe 6 Januari, kwa hiyo kuisogeza safari mbele hatukuweza. Mume wangu alianza kutafuta kwa nyota na mandhari ya mfereji. Mimi nilianza na magoti ya Mama, maana yule anayekwenda polepole kuliko wote ndiye atakayeamua mtafika wapi na saa ngapi.

Watu husema Venice ni rahisi wakati wa baridi. Ni kweli, ila baridi ya Venice ina bei mbili. Kuanzia Krismasi hadi Epifania bei za vyumba ziko juu. Ikipita tarehe 6 Januari zinaporomoka, na zinabaki chini mpaka Kanivali ikaribie, kwa kawaida mwezi wa pili. Asiye na mtoto wa shule aende katika wiki hizo za katikati. Lakini ajue kwamba ndizo wiki ambazo mikahawa mingi ya kifamilia hufungwa, wenyewe wapumzike na kupaka kuta rangi. Mlangoni utakuta karatasi imeandikwa chiuso per ferie na tarehe ya kurudi. Kwa hiyo mwenye kupata chumba cha bei nzuri katikati ya Januari apige simu pia kwenye mikahawa miwili mitatu ya mtaa huo kabla ya kulipa.

Sisi tuliobanwa na likizo ya shule tuliukwepa mkesha wa mwaka mpya. Usiku wa tarehe 31 Desemba mikahawa mingi hupika karamu ya bei moja, cenone, sahani baada ya sahani hadi saa sita usiku, na mtoto mdogo anayelala mezani anachukua kiti kama mtu mzima. Tukaingia mwaka ukiwa umeshageuka. Tarehe 6 watoto walipata burudani isiyo na tiketi: mashindano ya makasia kwenye Mfereji Mkuu, wanaume wazima wamevaa kama Befana, yule bikizee anayewaletea watoto peremende, wakikimbilia daraja la Rialto ambako huning'inizwa soksi kubwa mno.

Ile ada ya kuingia mjini iliyoanza Aprili 2024 haikutuhusu, kwa kuwa siku zake ni za masika na kiangazi, tena kwa wasiolala mjini. Kinachowahusu wote wanaolala ni kodi ya malazi. Hutozwa kwa kichwa kwa usiku, kwa siku tano za mwanzo, wenye umri chini ya miaka kumi hawalipi na wa miaka kumi hadi kumi na sita hulipa nusu. Mara nyingi haimo katika bei uliyoiona mtandaoni, inadaiwa kaunta. Ukiwa na familia, iulizie mapema.

Sasa madaraja. Venice ina madaraja zaidi ya 400, na karibu yote ni ngazi za kupanda na ngazi za kushuka. Gari hakuna, tuktuk hakuna, hata baiskeli katikati ya mji hairuhusiwi. Ukishuka treni pale Santa Lucia, mzigo wako ni wako. Teksi ya maji ipo, lakini kutoka kituoni hadi hoteli ya katikati unaweza kuachia euro 60 au zaidi. Tangazo likisema "dakika saba kutoka kituoni", mimi nauliza dakika saba za nani. Za kijana mwenye mkoba mgongoni, au za mama mtu mzima anayeshika ukuta?

Ninachofanya ni kufungua ramani, kuweka kidole kwenye kituo cha boti kilicho karibu, na kuifuata njia hadi mlangoni nikihesabu kila inapokatiza maji. Nikiona jina la njia linaanza na rio terà, moyo hutulia: hapo palikuwa na mfereji, ukafukiwa, kwa hiyo njia ni pana na tambarare. Anwani zenyewe hazisaidii sana, kwa sababu nyumba huhesabiwa kwa mtaa mzima, namba inapanda hadi maelfu, na namba mbili zinazofuatana zinaweza kuwa pembe mbili tofauti. Halafu nawaandikia wenye hoteli, kwa ufupi, maswali yasiyojibika kwa picha. Kutoka kituo cha boti hadi mlangoni kuna madaraja mangapi? Lifti ipo? Kabla ya kuifikia lifti kuna ngazi ngapi? Hili la mwisho ndilo linalowatoa jasho. Majumba ni ya kale, lifti imeingizwa baadaye palipopatikana nafasi, na si ajabu kukuta inaanzia ghorofa ya kwanza.

Hoteli moja ya bei kubwa ilinijibu kwa kunisifia machweo juu ya mfereji. Nyingine, ya nyota tatu, iliandika hivi: daraja hakuna, lifti ipo, ila kuna vidato vitano mlangoni, na mama yako nitamwekea chumba cha ghorofa ya kwanza upande wa uani ambako hakuna kelele za masanduku. Mtu anayekutajia vidato vyake bila kuulizwa mara mbili anajua mgeni ni nini. Tukaichukua.

Ilikuwa Cannaregio, upande wa kituoni. Kutoka kituo cha treni kwenda Lista di Spagna huvuki daraja lolote mpaka ufike Ponte delle Guglie. Sitawadanganya, mtaa wenyewe si mzuri kwa macho: vinyago vya plastiki, menyu za picha, watu wanaoburuta masanduku mchana kutwa. Binti yangu mkubwa alinuna kwamba tumekuja mji wa ndoto tukalala stendi. Lakini Mama aliteremka kwenye treni akatembea kwa miguu yake hadi kitandani, na mchana kila alipochoka alirudi kujilaza saa moja, kisha akatoka tena. Katika baridi hilo ni jambo kubwa. Jua linazama saa kumi na nusu jioni hivi, upepo unapita vichochoroni, na mtoto akilowa soksi siku imeisha isipokuwa chumba kiko karibu.

Ndiyo sababu sikukubaliana na wale waliotushauri kulala Mestre, ng'ambo ya bara. Wana hoja: vyumba ni vikubwa, lifti za kweli zipo, bei ni ndogo, na treni hadi Santa Lucia huchukua dakika kumi tu. Wawili wazima na afya zao, walale Mestre wale na chenji. Mwenye gari pia. Kwa mzee na mtoto wakati wa baridi, dakika kumi za treni pamoja na kungojea na kutembea zinakufanya usirudi mchana, na usiporudi mchana utaishia kulipia viti vya mikahawa ili tu watu wapate joto.

Boti nazo zina hesabu yake. Tiketi moja ya vaporetto, ya dakika 75, ni euro 9.50, na mtoto akishatimiza miaka sita analipa kama baba yake. Kwetu sisi safari moja ilikuwa tiketi tano, yaani euro 47.50, aliyesamehewa ni wa miaka minne tu. Tulinunua tiketi za saa 72, euro 45 kwa mtu, tukazipanga siku za kwenda mbali. Kijana wa miaka sita hadi 29 ana kadi yake ya nafuu, aulizie dirishani. Hoteli ambayo kila siku inakulazimisha kupanda boti ili ununue mkate, hiyo bei yake ongeza mwenyewe.

Ningekuwa na pesa zaidi ningetafuta Zattere, upande wa Dorsoduro. Ni njia pana kando ya maji inayotazama kusini, na jua dogo la Januari hulipata lote. Wazee wa Venice wenyewe huenda kuota jua pale. Mtaa wa San Marco nimeuacha makusudi, na hapa inabidi nizungumzie maji.

Mama alilielewa hili kuliko sisi sote. Nilikuwa nikimsomea habari za acqua alta, maji yanavyopanda hadi milangoni, akanikatiza: "Mwanangu, hayo si bamvua tu? Na upepo unayasukuma." Ndivyo hasa. Bamvua, yaani maji yanapojaa kupita kawaida, ikikutana na upepo wa kusini mashariki unaoyasukuma maji kuelekea ncha ya Adriatic, mji unalowa. Alichoshangaa ni kwamba bahari yenyewe kwa kawaida hupanda na kushuka kama mita moja tu. "Mita moja? Kwetu hata mtumbwi haujaelea." Msimu wa maji hayo ni vuli na baridi. Tarehe 12 Novemba 2019 yalifika sentimita 187, na rekodi ni 194 ya tarehe 4 Novemba 1966. Tangu Oktoba 2020 kuna malango ya MOSE yanayoinuliwa kuizuia bahari, kwa kawaida maji yakitabiriwa kufika sentimita 110. Lakini uwanja wa San Marco uko chini sana, huanza kulowa kabla ya kipimo hicho. Kwa hiyo unaweza kulala mji uliokingwa na bado ukatoka hotelini kwa kupita juu ya majukwaa ya mbao na mtoto mgongoni. Hata pasipo mafuriko, chumba cha chini kabisa kina unyevu; utausikia puani kabla hujawasha taa. Magoti yanataka chini, mapafu yanataka juu, ndiyo maana niling'ang'ania ghorofa ya kwanza yenye lifti.

Joto la chumbani, hilo watu wa pwani tusilifanyie mzaha. Mchana wa Januari ni nyuzi sita au saba, usiku hushuka karibu na sifuri, na ule unyevu unaingia mifupani. Tulikaribia kuchukua nyumba ya kupanga badala ya hoteli, kwa ajili ya jiko. Kilichoniogofya ni sheria ambayo wenye nyumba hawaitangazi: katika ukanda ambao Venice imo, mitambo ya kupasha joto majumba huruhusiwa kuanzia tarehe 15 Oktoba hadi 15 Aprili, si zaidi ya saa 14 kwa siku, na joto linakusudiwa kuwa nyuzi 20, na nafasi ya nyuzi mbili juu. Mtambo mmoja wa jengo zima mara nyingi huzimwa usiku, upende usipende. Kwa mtu wa Munich nyuzi 20 ni raha. Kwa Mama ni sababu ya kuvaa koti ndani. Anayepanga nyumba aulize kama mtambo ni autonomo, yaani wa nyumba ile peke yake, au centralizzato. Na aone kwamba tangazo lina CIN, namba ya kitaifa ya utambulisho, ambayo tangu Januari 2025 kila nyumba ya wageni Italia inatakiwa kuwa nayo. Sisi tulibaki na hoteli, tukaomba blanketi za ziada kabla hatujafika, tukazikuta zimekunjwa juu ya kiti.

Vitanda vitanipotezea muda, nitasema moja tu: matrimoniale ni kitanda cha watu wawili, na quadrupla, chumba cha watu wanne, mara nyingi ni hicho pamoja na vitanda viwili vya kukunja vinavyokula njia yote ya kwenda bafuni. Vyumba viwili vinavyofunguana mlango, comunicanti, kwetu vilizidi kidogo tu bei ya hicho kimoja cha kubanana.

Kula ndiko nilikokuwa na hamu nako, na ndiko familia nyingi zinakoliwa.

Tatizo la kwanza si bei, ni saa. Jiko la mkahawa wa Kitaliano hufungwa saa nane au nane u nusu mchana, likafunguliwa tena saa moja jioni. Katikati hapo ndipo giza linaingia na watoto wanalia. Anayezunguka na watoto wenye njaa saa kumi na moja jioni ataangukia mkahawa unaopika siku nzima, na unaopika siku nzima kwa kawaida ndio wenye picha za sahani mlangoni na mtu wa kukuvuta mkono. Dawa ni bacaro, baa ndogo za mji huo. Pale kaunta imejaa cicchetti, vipande vya mkate vyenye samaki juu, mayai nusu yenye dagaa wa chumvi, vitu vya kukaanga, kila kimoja euro mbili au tatu hivi. Watu wamesimama na glasi zao za divai, lakini hakuna anayekuuliza wewe umeshika nini. Watoto walikunywa juisi. Nilichokuwa nikiwaagizia zaidi ni baccalà mantecato, samaki mkavu wa Norway aliyelowekwa, akachemshwa, akapondwa na mafuta mpaka awe mweupe na laini. Vile vidonge vya nyama, polpette, niliviacha, kwa sababu mara nyingi nguruwe huwa ndani. Halafu chokoleti ya moto, nzito kiasi cha kijiko kusimama. Inywe kaunta kwa kusimama. Ukikaa mezani bei hubadilika, na ukikaa San Marco muziki ukipigwa utaulipia muziki.

Saa moja kamili jioni ndipo tulipokuwa tunaingia mkahawani, mlango ukifunguliwa, meza tumeiweka asubuhi kwa simu. Saa hiyo wahudumu hawajachoka na mtoto hajasinzia.

Menyu naisoma kuanzia chini, kwenye maandishi madogo. Pale huandikwa coperto, pesa ya kukalia meza na mkate, euro mbili hadi nne kwa mtu. Ni halali, usigombane nayo, ila zidisha kwa sita. Pale pia huelezwa maana ya ile nyota ndogo kando ya jina la samaki: alikuwa kwenye friza. Kubwa kuliko yote ni neno etto. Etto ni gramu 100. Samaki akiandikwa euro 7 na pembeni pana all'etto, basi yule branzino wa gramu 900 anayeletwa mezani mzimamzima akikukodolea macho ni euro 63. Meza ya jirani yetu usiku mmoja walilijua hilo bili ilipokuja, na baba wa watu aliisoma mara tatu. Mwambie mhudumu akupimie kabla, akutajie jumla. Hakuna aibu. Januari 2018 wanafunzi wa Kijapani walitozwa zaidi ya euro 1,000 kwa mlo wa watu wanne mjini humo, ikawa habari ya dunia na mkahawa ukapigwa faini. Tangu hapo nadhani hata wahudumu wenyewe wanapumua ukiuliza.

Kwa anayekwepa nguruwe Venice ni nafuu kuliko miji mingi ya Italia, kwa kuwa chakula chake cha asili ni cha baharini. Maneno ya kuyakwepa ni prosciutto, speck, pancetta, salame, na strutto, mafuta ya nguruwe yanayoweza kujificha kwenye mkate. Asubuhi hotelini mezani pana nyama za baridi na mayai. Ukisema mapema watakuwekea jibini peke yake. Divai ndiyo inayojificha zaidi. Wali wa risotto humwagiwa divai mwanzoni kabisa, kabla ya supu, na mpishi haoni kama hilo ni jambo la kukutajia. Tiramisù inaweza kuwa na pombe, na aiskrimu yenye zabibu kavu mara nyingi ina ramu.

Aliyetufungua macho ni mhudumu mmoja Mbangladeshi, katika mkahawa mdogo nyuma ya Strada Nova. Wabangladeshi ni wengi Mestre, na majiko mengi ya Venice yanasimama kwa mikono yao. Aliuona mtandio wa Mama, akaweka menyu chini, akatoa salamu. Mama akaitikia salamu yote mpaka mwisho, kisha akaanza kumwuliza kwa Kiswahili wazazi wake hawajambo, nami nikawa nafasiri. Yule kijana akatuambia polepole, kidole kikipita kwenye orodha: hii ina divai, hii ina divai, hii naweza kumwambia mpishi asitie, hii haina kabisa. Akatuletea bigoli in salsa, tambi nene za kitunguu na dagaa wa chumvi, divai imeachwa. Kwa watoto tambi za nyanya, nusu sahani nusu bei. Mezza porzione haimo kwenye menyu lakini ukiomba wengi hukubali. Kwa Mama alileta schie.

Schie ni kamba wadogo wa kijivu, mdogo kuliko kucha ya kidole gumba, wamepitishwa kwenye mafuta, kitunguu saumu na majani, wakamwagwa juu ya kitu cheupe kinachotoa moshi. Mama alikitazama. Akachukua uma akakiweka pembeni, akanyoosha mkono wa kulia, akamega. Kikamponyoka vidoleni.

"Hii si sima?"

"Ndiyo, Mama. Polenta. Ya mahindi meupe."

Akamega tena, akajaribu kutia tonge, ikakataa. Akamtazama yule kijana kwa huruma. "Mwambie mpishi haijasongwa."

Nikafasiri vivyo hivyo. Kijana akaenda jikoni, akarudi na kipande kingine cha polenta kilichoachwa kikaganda kisha kikabanikwa, kigumu, chenye mistari myeusi ya wavu. Hicho kilishikika. Mama akala kamba wote, akafuta sahani, na siku zilizobaki hatukusumbuka tena kutafuta mkahawa mwingine wa jioni isipokuwa siku yao ya kufunga. Ninyi mnaopenda kujaribu mahali papya kila usiku, sawa. Nikisafiri na mzee na mtoto mdogo, mkahawa ambao mhudumu anakumbuka nani hali nini una thamani kuliko orodha yoyote ya bora kumi.

Pizza tulikula mara chache, nami nitasema waziwazi kwamba ya Malindi inaipita. Tanuri za kuni katika mji huo wa kale kwa kawaida haziruhusiwi, kwa hofu ya moto. Matunda na maziwa ya mgando tulinunua kwenye supamaketi iliyomo ndani ya jumba la sinema la zamani, Teatro Italia, papo hapo Cannaregio, na watoto wakasukuma toroli huku shingo zimeinuka kutazama michoro ya darini.

Mama alitaka sana kuliona soko la samaki la Rialto, na hapo panataka kupangiwa siku, kwa sababu hufunguliwa asubuhi tu, Jumanne hadi Jumamosi. Alisimama mbele ya ngisi wakiwa bado na wino wao, akawabonyeza mmoja mmoja mpaka mwenye meza akaguna, akaniambia bei ya kilo niibadilishe iwe shilingi, akacheka peke yake. Hesabu hiyohiyo ya siku ifuate unapochagua pa kula: Jumatatu samaki wa Jumamosi ndiye wa leo, na mikahawa mingi ya samaki inayojiheshimu hufunga siku hiyo. Sisi Jumatatu tulikula tambi za nyanya na mboga za kuchoma, hakuna aliyelalamika isipokuwa Mama, ambaye hadi sasa akiwasimulia wenzake hiyo ndiyo sehemu wasiyoiamini: mji uko ndani ya maji, na soko la samaki linafungwa siku mbili kwa wiki.